Chai Ipi Itapoa Kwanza?

Sarang'ombe, Kibera
20 Januari 1996

Mulembe Anko Timothy,

Mko poa huko Kawangware? Mimi mzima, ila mbu wa huku wana bidii kuliko wanafunzi wangu. Mama ameandika kutoka Mbale. Mguu wake umepona, na ng'ombe amezaa ndama dume, kwa hivyo Baba amenuna. Ameuliza kama nakula kwenu kila Jumapili. Nimemjibu ndiyo, kwa hivyo msiniangushe.

Sasa habari yenyewe. Ile shule ya kanisa niliyokuambia wamenichukua. Ni madarasa manne ya mabati na ukumbi wa ibada. Maabara hakuna. Mwalimu Mkuu, Bwana Obiero, amenipa sayansi zote za Kidato cha Pili, akasema niko kwenye majaribio mpaka Agosti, halafu wataamua kama nabaki au naenda. Akanionyesha matokeo ya mwaka jana: wastani wa darasa sabini na moja kwa mia! Nikafurahi. Nikadhani nimekabidhiwa maprofesa.

Juzi nikaingia na swali la kupasha mwili moto tu. Kuna mvulana anaitwa Geoffrey, wa kwanza darasani tangu aingie shule hii. Nikamwuliza, "Diffusion ni nini?" Akasimama, mikono nyuma, akaitoa yote kwa Kiingereza, chembe kusambaa na kadhalika, bila kuvuta pumzi, mpaka koma ukazisikia. Nikampigia makofi. Sasa nyuma ya darasa letu kuna mama anayekaanga mandazi, na harufu ilikuwa imeshatufikia. Nikamwambia, "Haya Geoffrey, mbona tunasikia harufu ya mandazi na mama mwenyewe hatumwoni?"

Akatazama juu. Akatazama viatu vyake. "Ticha, hiyo haiko kwa daftari yetu."

Darasa zima likamtetea: "Haiko!"

Anko, wanajua kila kitu na hawajui kitu. Nimepekua mitihani yao ya zamani. Taja. Taja. Eleza maana. Taja tena. Wewe umefundisha fizikia na kemia tangu sijazaliwa. Nitumie mitihani yako mizuri, nione mtu anatungaje swali ambalo haliwezi kujibiwa kama shairi.

Msalimie Anti Syombua sana. Mwambie nakuja.

Wako,
Trizah


Kawangware
4 Februari 1996

Kwa Trizah, binti wa dada yangu,

Barua yako imetumia karibu wiki mbili kutoka Kibera, safari ambayo mimi naimaliza kwa miguu kabla ya chai ya saa nne. Lakini imefika, na sisi sote tu wazima. Anti yako ameongeza cherehani ya pili. Nyumba yetu sasa inanguruma kama kinu cha unga, na wateja kutoka mtaa wa Satellite wanaingia mpaka jikoni kupimwa mabega. Mwenye nyumba tulimlilia paa linavuja, akaja akapaka mlango rangi ya kijani. Ni mlango mzuri.

Mitihani yangu sikutumii. Nimefikiria kitu bora zaidi. Mwalimu akijitungia mtihani wa darasa lake mwenyewe, anafundisha atakachouliza, anauliza alichofundisha, na kila mtu anapita na kwenda nyumbani akifurahi. Basi tubadilishane. Wewe uwatungie wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili, nami niwatungie wako. Mada ziwe zile zile: joto, asidi na besi, umeme, na hiyo diffusion yako. Kila mmoja atafundisha bila kujua ataulizwa nini.

Kuna sharti moja. Hatuonani mpaka matokeo yatoke. Nakujua, Trizah. Ukishawekewa sahani ya muthokoi hapa, hakuna siri itakayobaki. Na mimi ninajijua pia.

Nikuonye mapema usije ukavunjika moyo: watoto wangu nimewafundisha vizuri.

Mjomba wako,
T. Walubengo


Sarang'ombe, Kibera
25 Februari 1996

Mulembe Anko,

Huku kwema. Jirani yangu amenunua kaseti moja ya kwaya na anaipiga kuanzia alfajiri. Sasa naijua sauti ya tatu yote, mkikosa mtu kanisani mniite. Mama anasema ndama amepewa jina lako, na Baba ndiye aliyechagua.

Nimekubali sharti, ingawa Jumapili zangu sasa ni mkate na chai ya rangi. Mwambie Anti siyo mimi niliyekataa chakula chake.

Kutunga swali ni kazi, Anko! Nilidhani ni jambo la jioni moja. Naandika swali, nalisoma, naona jibu limejificha ndani yake. Nalibadilisha, naona hata mimi silijui jibu. Lakini nina moja ninalolipenda sana. Ni la chai. Sitakuambia zaidi, usije ukawafundisha.

Darasani nimeacha kuandika ubaoni mambo ya kunakiliwa. Nawaletea vitu. Wiki hii nilileta jiko na sufuria, tukakaa tukitazama maji yakichemka na kubishana. Msichana mmoja, Waceke, ambaye wenzake wanasema mwaka jana mzima hakufungua mdomo, aliuliza kwa nini sauti ya maji inanyamaza kidogo kabla hayajachemka kabisa. Sikuwa nimewahi kuwaza. Lakini Bwana Obiero alipita dirishani, na baadaye akaniita ofisini.

"Mwalimu Trizah, naona mnapika."

"Tunasoma joto, sir."

"Wazazi hapa hawalipi karo waone majiko. Majiko wanayo. Wanataka maki. Umepata darasa likiwa na sabini na moja. Mimi nitaangalia hiyo namba Aprili, na nitaiangalia Agosti."

Nikasema sawa. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na siyo kwaya.

Trizah


Kawangware
17 Machi 1996

Trizah,

Sisi wazima. Mvua imeanza, na mlango wetu wa kijani haujaingiza hata tone. Yote yanapitia paa.

Mtihani niliowatungia wanafunzi wako anakuletea Urbanus, fundi viatu wa kanisani kwetu, katika bahasha iliyofungwa kwa gundi. Ule uliowatungia wangu nimeupokea na sijaufungua. Usimwogope Obiero. Mtihani mzuri humpa mwanafunzi mzuri nafasi ya kung'ara. Sabini na moja yako itapanda.

T.W.

*Trizah, ni mimi Anti Syombua. Hawa wanaume wa vitabu wananifanya nile na viti vitupu. Mtihani ukiisha, njoo hata kama ni usiku. Nimekushonea sketi kwa kukadiria. Ikikubana ni kosa la mjomba wako.*


Sarang'ombe, Kibera
6 Aprili 1996

Anko,

Heri ya Pasaka. Mimi mzima wa mwili.

Thelathini na moja.

Huo ndio wastani wa darasa langu. Geoffrey amepata ishirini na nane. Alipoona karatasi hakulia, aliikunja mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama sanduku la kiberiti, akaiweka ndani ya soksi. Wazazi walikuja siku ya kufunga. Mzazi mmoja aliuliza mbele ya watu wote kama mimi ni mwalimu kweli au nilitumwa kuharibu shule. Bwana Obiero hakunitetea na hakunifukuza. Alisema tu, "Agosti ni karibu, Mwalimu."

Sasa nikuulize, na usikasirike. Swali lako la nne lilihusu tangi la umeme la kupasha maji ya bafu, lililo juu ya dari ya nyumba ya ghorofa. Anko, nani hapa ameoga maji ya tangi? Labda walioko kwenye ghorofa za Nyayo Highrise, na wao hawako darasani kwangu. Wanafunzi wangu wanapasha maji kwa jiko na wanaoga kwa karai. Nusu yao waliacha swali tupu. Baada ya mtihani nikawaambia, "Haya, sahau tangi. Maji ya karai, ya juu na ya chini, yapi ni ya moto zaidi?" Walijibu wote, na sababu wakatoa! Kwa hivyo swali lako lilipima nini? Joto, au bafu?

Na wako walifanyaje? Nina hamu ya kujua. Najua watakuwa wamepita wakapitiliza.

Trizah


Sarang'ombe, Kibera
5 Mei 1996

Anko,

Shule zinafunguliwa kesho na sijapata neno kutoka kwako. Labda ni posta.

Jumapili iliyopita nilikuja. Matokeo yameshatoka, sharti limekwisha, nikavaa sketi nyingine kwa sababu ile ya Anti sijapewa, nikabisha mlango wa kijani. Anti akasema umeenda kanisani na bado hujarudi. Nikala, nikangoja, nikaondoka. Muthokoi ulikuwa mtamu. Lakini Anko, viatu vyako vyote viwili vilikuwa mlangoni, na mtu alikuwa akikohoa chumbani.

Nimekukosea nini? Kama ni lile neno la bafu, naomba radhi kwa namna nilivyosema. Siyo kwa nilichosema.

Trizah


Kawangware
20 Mei 1996

Kwa Trizah,

Salamu nyingi. Hatujambo hapa, ingawa mvua imekuwa kubwa na barabara ya kwenda sokoni ni tope tupu. Kanisa linajenga ukuta. Mimi nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya ukuta, na tumekutana mara nyingi bila kuinua jiwe. Jino langu la nyuma lilinisumbua, nikaling'oa, sasa nasikia upepo nikiongea. Bei ya makaa imepanda. Jirani wetu amepata mapacha.

Siku uliyokuja nilikuwa na kikohozi, sikutaka kukuambukiza.

Kuhusu mtihani, wanafunzi wangu walijitahidi kwa kadiri ya uwezo wao.

Nakutakia muhula mwema.

T. Walubengo

*Trizah mwanangu, ameniachia barua nibandike stempu, nami naongeza langu. Hakuwa na kikohozi, ile sauti uliyosikia ni vumbi la karatasi. Darasa lake limepata ISHIRINI NA SABA. Ameficha hata kwa walimu wenzake. Amesahihisha zile karatasi upya, tena na tena, akitafuta maki zilizopotea kama mtu aliyedondosha sindano. Na siku moja nilirudi nikamkuta amepika chai katika sufuria zangu mbili, ile nyeusi ya masizi na ile mpya inayong'aa, ameziweka mezani, anachovya kidole huku, anachovya huku, anaandika. Nikamuuliza wageni wako wapi. Akasema, "Nyamaza Syombua, nangoja ipoe." Mwanangu, mjomba wako si mbaya. Ana aibu tu. Sketi yako iko tayari.*


Sarang'ombe, Kibera
9 Juni 1996

Mulembe sana Anko wangu,

Hongera kwa ukuta, pole kwa jino, na hongera kwa mapacha wa jirani. Mama anasema yule ndama anayeitwa Timothy ni mkaidi, anakataa kamba.

Najua ni ishirini na saba. Anti ameniambia, na tafadhali usimgombeze, kwa sababu tangu niisome nimelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu Februari. Siyo kwa kuwa umeshindwa! Ni kwa kuwa nilidhani mimi peke yangu ndiye mbovu. Kama mwalimu wa miaka mingi kama wewe na mgeni kama mimi tumeanguka shimo moja, basi labda shimo ndilo tulitazame.

Nina wazo. Kwenye bahasha hii kuna sehemu moja ya karatasi ya Waceke, yule msichana mkimya. Nimeinakili neno kwa neno, bila maki. Maswali ni yako, mwongozo wa kusahihisha ni wako, jumla ya sehemu hii ni ishirini. Mimi nimeshaisahihisha na kuandika namba yangu pembeni, sikuambii. Isahihishe uniambie umempa ngapi.

Na chai ipi ilipoa kwanza, ya sufuria nyeusi au ya inayong'aa? Mwongozo wangu ulisema nyeusi ndiyo itapoa kwanza. Sema ukweli.

Trizah


Kawangware
23 Juni 1996

Trizah, mwanangu,

Nimekaa na barua yako mfukoni siku kadhaa. Nilimgombeza anti yako. Akanijibu kwamba yeye akishona nguo ikibana, hamwambii mteja amenenepa. Nimeacha kumgombeza.

Chai. Iliyopoa kwanza ni ile ya sufuria inayong'aa. Ndiyo, kinyume cha mwongozo wako! Kwa sababu sufuria mpya ya Syombua ni pana kama sinia, na ile nyeusi ni nene na ndefu. Hukusema ziwe sawa kwa ukubwa. Hukusema kama zina vifuniko. Nina msichana anaitwa Everlyne, aliandika hivi: itategemea upana wa sufuria na kama imefunikwa. Nilimpa sifuri, kwa sababu mwongozo wako ulidai neno "nyeusi". Mara ya pili nikampa sifuri. Mara ya tatu ndipo nikaondoka mezani nikawasha jiko. Trizah, yule mtoto alikuwa sahihi kutupita sisi wote wawili, nasi tukamchapa sifuri. Hilo ndilo lililonifungia chumbani siku uliyokuja.

Waceke nimempa saba.

T.W.


Sarang'ombe, Kibera
30 Juni 1996

Anko!

Sikungoja posta, nimempa Urbanus. Saba? Mimi nimempa kumi na nne! Karatasi ile ile, mwongozo ule ule. Basi akisoma kwangu Waceke ni hodari, akihamia kwako ni mjinga, na hajabadilisha hata herufi.

Nadhani najua. Alipoandika nguo zinakauka haraka "kwa sababu upepo unabeba maji yaliyopanda hewani ili mengine yapate nafasi", mimi nilimpa zote. Wewe ulitafuta neno *evaporation*, hukuliona, ukapita. Ni kweli au nakusingizia?

Jambo jingine. Nimeanza kuwaita wawili wawili wakati wa mapumziko. Nawapa swali, nawaambia wasinijibu, wanisomee kwa sauti halafu waniambie linauliza nini. Anko, keti chini. Lile swali lako lililosema *Account for this observation*, nilimpa Geoffrey. Akalisoma vizuri kama mtangazaji. Nikamwuliza, "Wanataka nini?"

"Wanataka account, ticha."

"Account gani?"

"Ya benki. Na mimi sina. Hata mathee wangu nyumbani hana."

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Halafu nikiwa nje nikaacha kucheka. Nikarudi nikamwambia, "Geoffrey, maana yake ni: toa sababu ya ulichokiona." Akashika kichwa. "Ni hivyo tu?" Akatoa sababu tatu, mbili nzuri.

Tuwaruhusu wajibu kwa Kiswahili wakitaka. Tafadhali.

Trizah


Kawangware
10 Julai 1996

Mwanangu,

Ni kweli, hukunisingizia. Nilitafuta neno.

Lakini Kiswahili hapana. Mtihani wa taifa ni wa Kiingereza na hautawahurumia.

*(Jioni.)* Nimeacha barua wazi nikaenda darasani nikafanya kama wewe. Niliwaita wawili, nikawasomea swali langu moja. Wakaniambia linauliza nini. Halikuwa linauliza hivyo. Nikawaita wengine wawili. Hata wao. Haya, umeshinda nusu. Tuwapime Kiingereza siku ya Kiingereza. Siku ya sayansi wajibu kwa lugha itakayowatoa jibu kichwani, lakini majina ya kisayansi wayajue.

Sasa sikiliza. Nimechoka na karatasi. Tukitaka kujua kama mtoto anaweza kuogelea hatumwambii aandike insha kuhusu mto. Tuweke vitu mezani. Meza sita, kila meza na kitu kimoja na swali moja fupi, wapite meza baada ya meza. Mwongozo wa kusahihisha tuuandike kabla, tukubaliane kwamba wazo likiwepo maki zipo, na tusahihishe karatasi chache wote wawili kabla ya kuendelea. Tubadilishane tena: za kwako naziandaa mimi, za kwangu wewe. Na kila swali tulijaribu kwanza sisi wenyewe. Syombua amekwisha kunipa sufuria mbili zinazolingana.

T.W.


Sarang'ombe, Kibera
21 Julai 1996

Mulembe Anko,

Sote wazima. Mama anauliza kama nimepata mchumba, nimemwambia nimepata meza sita.

Kwa wanafunzi wako tumeandaa rangi ya kupimia asidi. Mimi na Waceke na wenzake tulienda kuomba maua mekundu ya hibiskasi kwenye ua wa Nyayo Highrise. Askari akatufukuza, "Nyinyi, mnaiba maua ya nini?" Waceke, yule mkimya, akasimama akamweleza asidi na besi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Askari akasema chukueni, bora mnyamaze. Tukaponda, tukachemsha, tukachuja. Ukitia limau inakuwa nyekundu kali, ukitia maji ya majivu inakuwa kijani. Tumejaribu mara nyingi, safari hii siyo kama chai. Chupa anayo Urbanus.

Bwana Obiero amekubali nitumie ukumbi wa ibada. Lakini amewaalika wazazi waje watazame. Amesema, "Kama ni kupika, wote waone mnachopika." Anko, ni siku ile ile ya mtihani wako, kwa hivyo hutakuwepo. Naogopa kidogo. Naogopa sana.

Trizah


Sarang'ombe, Kibera
4 Agosti 1996

Anko wangu mpendwa,

Kaa karibu na Anti umsomee kwa sauti.

Wazazi walijaa mpaka kwenye viti vya kwaya. Wanafunzi waliingia wakaona meza badala ya madawati, wakaganda. Nikasema, "Gusa. Jaribu. Ukikosea, rudia." Wakaanza.

Geoffrey alianza na meza ya nne, ile ya balbu isiyowaka. Ule waya uliouvunja ndani ya plastiki, usioonekana kwa nje, Anko wewe ni mkatili. Akafunga kila kitu sawasawa. Balbu ikakataa. Nikamsikia anaanza kunong'ona ile maana ya *circuit*, mzunguko wa umeme, kutoka daftarini, mikono nyuma, kama siku ile ya kwanza. Akaimaliza. Balbu haikumsikiliza. Mama yake, anayeuza samaki hapa Sarang'ombe, alikuwa amekaa mstari wa mbele, na nilimwona akifunga macho.

Halafu Geoffrey akaacha kunong'ona. Akatoa betri, akaijaribu kwenye balbu moja kwa moja. Ikawaka. Akasema kwa sauti, akiongea na meza, "Basi si wewe." Akabadilisha waya wa kwanza, giza. Akarudisha, akabadilisha wa pili. Ikawaka! Nilikuwa nimekataza makofi, lakini wazazi hawakuwa kwenye mtihani.

Nilisahihisha siku mbili, na Mwalimu wa hesabu akazipitia karatasi kumi bila kuona namba zangu. Tulipishana maki moja au mbili tu. Wastani: hamsini na mbili.

Nikasimama mbele ya mkutano wa wazazi na hiyo namba, nimevaa ile sketi aliyoniletea Urbanus, ambayo kwa taarifa ya Anti ilinitosha. Bwana Obiero akasema, "Mwaka jana tulikuwa sabini na moja." Nikafungua mdomo nieleze. Mama Geoffrey akanitangulia.

"Mwaka jana huyu wangu alileta themanini na tisa. Nilibandika ukutani. Redio yangu ikanyamaza, nikamwambia, wewe si ndio namba one wa sayansi, angalia. Akaniambia haiko kwa daftari. Mwezi uliopita ameifungua mwenyewe, akapata waya imekatika. Leo mmempa hamsini na nane. Mimi hii ndio nabandika."

Mzazi yule aliyeuliza kama nilitumwa akasema, "Kwani wetu nao watafungua redio lini?" Watu wakacheka, nami nikacheka, nikalia kidogo pia, usimwambie Mama.

Mkutano ulipoisha Bwana Obiero alikuja akasimama kando ya meza ya limau. Alichovya kijiti, akatazama rangi. "Mwalimu, hii hamsini na mbili bado inanisumbua."

"Hata mimi, sir. Nataka iwe sitini, lakini iwe sitini ya kweli."

Akaweka kijiti chini, akasema, "Januari utachukua na Kidato cha Tatu. Na meza zirudi mahali pake kabla ya ibada."

Nimebaki, Anko! Nimeajiriwa!

Na wako? Safari hii usiniambie kuhusu ukuta wa kanisa.

Trizah


Kawangware
18 Agosti 1996

Arobaini na tisa.

Nimeitanguliza kabla ya salamu ili usione nimejificha nyuma yake. Tatu chini ya yako, na nimeibandika mwenyewe kwenye ubao wa ofisi ya walimu.

Sasa salamu. Mulembe, Mwalimu Trizah. Barua yako nimemsomea anti yako mara tatu. Pale kwa Mama Geoffrey alisimamisha cherehani. Nimemwandikia mama yako mimi mwenyewe kwamba umeajiriwa, na kwamba kulia ulilia. Samahani.

Walimu wa shule mbili jirani, moja ya Satellite, waliona ile namba ubaoni wakanicheka, halafu wakauliza maswali yalikuwaje, halafu wakaacha kucheka. Wanataka uje uwaonyeshe namna ya kumkalisha mwanafunzi akusomee swali. Nimewaambia mwalimu huyo ni mtu wa Kibera, ana shughuli nyingi, nitamwomba.

Lakini hilo silo linalonifanya niandike upesi. Everlyne aliacha chupa yake ya maji ya hibiskasi na majivu dirishani siku ya mtihani. Ilikuwa kijani, kama ulivyoona wewe ulipojaribu. Asubuhi akaja nayo mbio. Imekuwa manjano. Hakuna aliyeigusa. Akaniuliza mbele ya darasa zima, "Mwalimu, ile kijani imeenda wapi?"

Trizah, nilisimama pale. Miaka yote hii, swali likinishinda, nimejua kusema "tutalifikia mada ya mbele". Sijui ni nini kilichonipata, nikasema, "Sijui."

Wakatazamana. Nilidhani heshima yangu imekwisha. Badala yake mmoja akasema, "Kumbe!" na wote wakasogea dirishani, wakaanza kubishana kama ni jua au ni hewa, na kengele ilipolia hakuna aliyetoka. Sasa tuna chupa nane: nyingine juani, nyingine kabatini, nyingine imefungwa kifuniko. Kila asubuhi, ingawa ni likizo, nafika shuleni mapema, na nikifika nawakuta wamenitangulia.

Wewe unajua jibu? Kama unajua, tafadhali usiliandike. Barua hii nampa Urbanus akuletee leo. Njoo kesho, upitie darasani kabla hujafika nyumbani, utukute dirishani.

Mjomba wako,
Timothy